Istilahi za Daftari la Hali ya Hewa: Mfano wa Kipupwe cha Kabuku

Miongoni mwa istilahi zinazotumiwa na watu wengi lakini kuchunguzwa na wachache ni zile za hali ya hewa. Husikika redioni, hufundishwa darasani, na huandikwa na watumishi wa kilimo katika madaftari yao. Kwa kuwa maneno yenyewe ni ya kawaida, kama vile mvua, joto, usiku na leo, hudhaniwa kwamba hayahitaji kusanifiwa. Maoni yetu ni kinyume cha hayo. Neno la kawaida likiingizwa katika daftari la vipimo bila kuwekewa mipaka, hupotosha kuliko neno geni, maana neno geni msomaji huliulizia.

Tuchukue mfano wa Kabuku, wilayani Handeni, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, katika kipupwe, yaani miezi ya Juni hadi Agosti. Masika yamekwisha, kusi huvuma, asubuhi kuna umande, na mara kwa mara hushuka manyunyu. Tuseme yupo mwalimu ambaye wanafunzi wake husoma kipimajoto na kipimamvua kila siku saa 3 asubuhi. Jedwali lao lina safu tatu: tarehe, joto, mvua. Kila safu ina tatizo lake.

Tuanze na joto. Mwanafunzi anayetetemeka huandika “nyuzi joto 17”, kisha huuliza joto liko wapi. Swali hilo si la kitoto. “Joto” hutaja kitu kinachopimwa, na papo hapo hutaja kinyume cha baridi. Istilahi “halijoto” huondoa utata huo; lakini “nyuzi joto” yaendelea kufunga kipimo na kinachopimwa katika fungu moja. Tena, katika nchi ya mkonge kama hii, nyuzi ni bidhaa inayoanikwa juani. Hata hivyo hatupendekezi kulifuta neno hilo, kwani hisabati imekwisha kulizoea. Yatosha safu iitwe “halijoto”, na chini yake iandikwe “nyuzi za Selsiasi”.

Safu ya mvua ina uzito zaidi. Katika taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, “mvua kubwa” ina mpaka unaojulikana: zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Huo ni usanifu mwema. Lakini upande wa chini maneno yetu yameachwa ovyo. Katika hesabu nyingi za kitaalamu, siku huitwa ya mvua ikipata walau milimita 1. Manyunyu ya kipupwe yakileta milimita 0.4, siku hiyo huhesabiwa kuwa kavu, ilhali aliyeanika nyuzi za mkonge amezikuta zimelowa. Wote wawili wasema kweli, ila neno “mvua” limewagombanisha. Kiswahili tayari kina manyunyu na rasharasha. Kilichokosekana ni kuyapa viwango.

Tatizo kubwa kuliko yote limejificha katika safu ya tarehe. Mvua iliyonyesha Jumatatu saa 4 usiku husomwa Jumanne saa 3 asubuhi. Iandikwe ya lini? Mmoja ataandika tarehe ya kusoma, mwingine tarehe iliyotangulia. Isitoshe, kwa hesabu ya mapokeo ya Waswahili siku huanza magharibi, hata “usiku wa Jumanne” ukawa ndio ule ambao ofisini huitwa usiku wa Jumatatu. Hivyo mvua moja yaweza kupata tarehe mbili katika madaftari ya majirani wawili. Mkulima aulizaye ukavu ulidumu siku ngapi, au ofisa atathminiye hasara ya mazao, atapewa jibu la uongo. Na kosa si la chombo bali ni la neno. Watangazaji wamekwisha kutuonyesha njia kwa fungu “usiku wa kuamkia Jumanne”, ambalo halina utata wowote.

Wafasiri nao tunawakumbusha jambo moja. Majira ya Ulaya ambayo majani huchipua, hata yakiwa ya baridi, si kipupwe. Huangukia Machi hadi Mei, wakati Kabuku imo katika masika. Yaitwe “majira ya kuchipua”, na miezi itajwe.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) safu ya joto iitwe “halijoto”;

(b) “manyunyu” na “rasharasha” yapewe viwango vya milimita, na yaandikwe hata pale siku isipohesabiwa kuwa ya mvua;

(c) safu ya mvua iitwe “mvua ya saa 24 zilizoishia saa 3 asubuhi ya tarehe hii”.

Kichwa hicho cha mwisho ni kirefu, nasi twakiri. Lakini urefu wa kichwa huandikwa mara moja, na tarehe yenye kosa hurudiwa kila mwaka. Walimu na mabwana shamba wenye madaftari ya namna hii watuletee maneno wanayoyatumia, ili usanifishaji uanzie kwa watumiaji wenyewe.