Mdiria Asiye na Mto

Mwanzoni nilidhani ni chozi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huku kwetu Muheza, na nyuma ya nyumba, kwenye tawi kavu la mchungwa, kimo cha kiuno tu, alikuwa ametua ndege mdogo wa buluu. Wenyeji wa bustani ile nawajua: shorewanda anayedonoa mapapai, tetere, tipitipi wa kichakani. Huyu alikuwa mgeni.

Mzee aliyenifundisha kutazama ndege, huko juu Amani, hakuniruhusu kutaja jina kabla sijamsimulia ndege mzima. Mdomo kwanza, rangi mwisho, kwa maana rangi hubadilika na mwanga. Basi nikaanza na mdomo: mrefu, mnene, umenyooka kama mkuki. Wa chozi ni mwembamba, tena umepinda. Chozi akatoka. Miguu mifupi, hata tumbo likaonekana kama limelala juu ya tawi. Kichwa kikainuka na kushuka mara moja, kama mpita njia anayeitikia salamu. Ghafla akajitupa majanini, akarudi na panzi, akampigiza tawini huku na huku mpaka akalegea, kisha akammeza.

Mdiria! Lakini mto uko mbali. Hapo ndipo kazi hii inaponoga. Wapo wadiria wawili wadogo wanaofanana mno. Yule wa majini, kofia yake ya buluu hushuka hadi ikagusa jicho. Huyu alikuwa na ufito wa rangi ya chungwa kati ya kofia na jicho, mwembamba kama njiti ya kiberiti, na shavuni zambarau iliyofifia, kama doa lililofuliwa likabaki. Ufito ule ndio uliokata shauri.

Nilipokwisha kuandika yote ndipo nikafungua kitabu cha Stevenson na Fanshawe cha 2002, chenye aina zaidi ya 1,300 za ndege wa Afrika Mashariki. Ni yeye: mdiria mbilikimo, sentimita 12 hivi, anayeishi kwa wadudu kuliko samaki. Kiumbe mdogo hivyo huhama ndani ya Afrika yenyewe, akiruka usiku, akifuata majira ya mvua. Nikawaza ile mvua ya usiku, na mabawa yale gizani juu ya mapaa yetu.

Kesho yake tawi lilikuwa tupu, na keshokutwa vilevile. Nimewaomba wa nyumbani wasilikate kuni.