Slufay: Sala Isiyosimama Bila Waitikiaji

Watu wengi wakisikia habari za kuzungumza na roho hufikiri mara moja juu ya usiku, pembe na siri za mganga. Kwetu Nangwa, wilayani Hanang, ipo sanaa ya Wairaqw inayokanusha fikra hiyo. Nayo ni slufay, sala ya kishairi ambayo mzee huitamka mbele ya wenzake waliokusanyika, nao humwitikia. Mimi niliyefundisha walimu kwa miaka mingi napenda kuipima kama kazi ya fasihi simulizi.

Kwanza tuwajue wanaoambiwa. Looaa, ambaye jina lake ndilo jina la jua, ni wa kike, mpole, mpaji wa uhai. Neetlaamee ni roho wakaao katika chemchemi na mito, nao huogopwa. Lakini nguvu ya slufay haimo katika kutuchorea sura zao. Fanani hutandika mbele ya hadhira yale yanayoombwa: mvua, mifugo, watoto, afya, amani. Kila jambo likitajwa, msikilizaji huliona moyoni, na kwa kuitikia hulifanya lake. Taswira hapa si pambo. Ndiyo kazi yenyewe ya sala.

Hapo ndipo slufay inapoachana na uganga wa mabango ya njiani, unaoahidi utajiri wa majini. Mteja wa huko huenda peke yake, huomba kwa siri, wala haulizwi jirani atapata nini. Mzee wa slufay hana budi kuomba kile ambacho wenzake wako tayari kukiitikia. Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno.

Hata hivyo, mhakiki asisifu tu. Wasemaji wa slufay ni wazee wa kiume. Ni ajabu kwamba sala inayomlilia Mama haiwapi akina mama nafasi ya kuiongoza. Tena, vijana wetu wengi huisikia kama burudani ya sherehe. Maneno yake hayatapotea upesi. Wataalamu Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling walitoa kamusi ya Kiiraqw mwaka 2002. Lakini kamusi huhifadhi neno, haihifadhi mwitikiaji.

Je, sala hii ina faida gani leo? Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe ya Mlima Hanang yaliishukia Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakafa. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikameguka. Maelezo hayo nayakubali, wala sidhani kwamba roho yeyote alikosewa. Slufay haikutungwa ili kumjibu mwanajiolojia. Swali lake ni jingine: sisi tuliobaki tunatamani nini kwa pamoja, na nani yuko tayari kulitamka hadharani?

Swali hilo halijibiwi na mtu mmoja chumbani, hata awe na ubani wa namna gani. Ndiyo maana nawasihi walimu wa wilaya yetu: msiwafundishe watoto kuikariri slufay tu. Wafundisheni kuitikia, na kujua wanaitikia nini.