Nyumba ya Mjane na Maneno ya Watu

Jioni moja niliwasimulia vijana wa parokia hadithi ya nyumba ya ajabu iliyoko San Jose, katika California, nchi ya Marekani. Wakacheka sana. Lakini mama mmoja mjane, aliyekuwa akisikiliza pembeni, akaniuliza: «Mwalimu, na yule mama mwenyewe alisema nini?» Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kuichunguza hadithi ile upya.

Hadithi yasema hivi. Sarah Winchester alikuwa mke wa tajiri wa kiwanda cha bunduki. Mtoto wao wa pekee alikufa mwaka 1866, angali mchanga. Mume akafa kwa kifua kikuu mwaka 1881. Basi, wanasema, mpiga ramli akamwambia kwamba mizimu ya watu wote waliouawa kwa bunduki zile inamfuata. Shurti ajenge nyumba usiku na mchana. Siku nyundo zitakaponyamaza, atakufa. Hivyo akajenga miaka 38. Na ushuhuda uko wapi? Tazameni, wanasema, ngazi inayopanda hadi darini ikaishia hapo, na mlango wa orofani unaofunguka hewani: vyote ni vya kuipoteza mizimu njia.

Hadithi ni tamu. Basi tuipime.

Kwanza, hesabu. Mama huyu alinunua shamba lile mwaka 1886, akafa mwaka 1922. Hiyo ni miaka 36, siyo 38. Tena kazi haikuendelea daima: aliandika yeye mwenyewe katika barua kwamba alikuwa amechoka, akawaachisha mafundi ili apate kupumzika. Baada ya tetemeko la nchi la mwaka 1906 ujenzi ulipungua sana, naye akakaa zaidi katika nyumba zake nyingine. Nyundo zilinyamaza, wala hakufa.

Pili, nyumba yenyewe. Tetemeko lile liliangusha mnara na kuharibu orofa za juu. Hakuzijenga tena, mabaki yaliondolewa, matundu yakazibwa. Ndiyo maana ngazi ilikosa mahali pa kufika, na mlango ukakosa kile kilichokuwa mbele yake. Iko pia ngazi yenye vipandio vifupi mno, kila kimoja kama sentimeta 5. Watu huona uchawi hapo. Kumbe mama alikuwa na baridi yabisi, miguu haikuinuka! Zaidi ya hayo, alijipangia ujenzi mwenyewe pasipo mchoro mmoja wa nyumba nzima: alijenga, akabomoa, akajenga tena. Si ajabu vyumba vikawa kama 160, vingine visivyofuatana vema.

Tatu, wasemaji. Magazeti ya mji yalianza kumsengenya angali hai, kwa sababu alijitenga na watu. Mwaka 1923, kabla ya kutimia mwaka mmoja tangu kifo chake, nyumba ilifunguliwa kwa watazamaji wenye kulipa. Tangu hapo hadithi ikawa bidhaa, na mwenye bidhaa haipunguzii utamu. Mwaka 2018 ikatolewa sinema, Helen Mirren akiigiza mjane huyu. Mwigizaji ni hodari, lakini sinema yenyewe huonyesha mizimu kana kwamba ilikuwako kweli.

Mary Jo Ignoffo, aliyetoa kitabu juu ya maisha yake mwaka 2010, alichunguza barua na hati. Hakukuta mpiga ramli. Alikuta mwanamke mwenye akili ya biashara, aliyetoa zaidi ya dola milioni moja kwa hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu huko New Haven, ugonjwa uleule uliomwua mumewe. Jambo hilo wasimulizi wa ngazi na milango hawalitaji.

Basi nasema: hadithi hii si ya kweli, wala si ya haki. Mwanamume tajiri akijenga nyumba ya ajabu, watu husema anapenda kujenga; mjane akifanya vilevile, husema anafuatwa na mizimu. Tukiona nyumba ya namna yake, tumwulize fundi kwanza kabla ya msimulizi.

Nilimrudia yule mama nikamjibu: «Yeye alinyamaza, wengine ndio waliosema.» Akatikisa kichwa. «Basi, Mwalimu, waite tena vijana wako.»

Nikawaita.