Wiki si juma tu: Maarifa huria yanahitaji Kiswahili

NENO ‘wiki’ liliwahi kuzua kicheko darasani mwangu hapa Hadado, Wajir Magharibi. Niliwaambia wanafunzi wa Kidato cha Tatu kwamba tungesoma makala ya wiki. Mmoja akainua mkono: “Mwalimu, ya wiki hii ama ya wiki iliyopita?”

Hakukosea. Wiki tunayoijua sisi ni juma. Wiki ya intaneti imetoka katika lugha ya Kihawaii, ambamo ‘wikiwiki’ ni upesi upesi. Mmarekani Ward Cunningham ndiye aliyelitwaa neno hilo mwaka 1995, akaliita tovuti ambayo msomaji yeyote angeweza kuihariri.

Wahenga nao wametuonya kuwa haraka haraka haina baraka. Ndiyo hoja ya wasomi wengi dhidi ya wiki: kwamba sayansi haiandikwi mbiombio, tena na yeyote. Hoja hii ina uzito, ila nadhani imelenga shabaha isiyo yake.

Tutazame Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na inayojiita ‘kamusi elezo huru’. Mimi nina kesi na neno hilo ‘huru’. Nchi huru ni ile isiyotawaliwa na nyingine. Mahali ambapo kila mtu anaruhusiwa kuingia huitwa huria. Ndiyo maana tuna soko huria na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Neno la kwanza lamhusu mwenye nyumba, la pili lahusu mlango.

Katika uchapishaji wa kitaaluma, vita vimekuwa vya mlango. Tangu Azimio la Budapest la mwaka 2002, wasomi wamedai makala za utafiti zisomwe bila malipo. Mengi yamefunguliwa. Hata hivyo, majarida mengi yamemhamishia mwandishi gharama, na si ajabu kudaiwa zaidi ya dola 1,000 kwa makala moja. Mhadhiri kijana atazitoa wapi?

Halafu kuna kufuli la pili, nalo ni lugha. Mwishoni mwa 2006, homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa baada ya mvua kubwa, ikasambaa. Watu zaidi ya 150 walifariki nchini na biashara ya mifugo ikasimama. Mwaka 2010, jarida moja la Marekani la tiba ya maradhi ya tropiki lilichapisha utafiti kuhusu mkurupuko huo. Ulionyesha kuwa wafugaji Wasomali wa Kaskazini Mashariki walizitambua ishara mapema kuliko mifumo rasmi: mvua, mbu wengi, mifugo kuharibu mimba. Waliuita ugonjwa huo ‘sandik’, kwa maana ya damu puani.

Makala hiyo haina ada ya kuisoma. Mlango uko wazi kabisa, lakini imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Nilipomsimulia mzee mmoja mfugaji yaliyomo, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Mwalimu, hiyo ugonjwa sisi tulijua kabla daktari afike. Sasa wewe unanisomea maneno yangu?”

Sikuwa na jibu.

Mtu atasema basi tuyaandike katika Wikipedia ya Kiswahili. Hapo ndipo ninapoikosoa kwa dhati. Kwanza, makala zake nyingi ni zile inazoziita ‘mbegu’: mistari miwili mitatu inayosema mji fulani uko kaunti fulani, basi. Mbegu isiyomwagiliwa haioti. Pili, na hili ndilo kubwa, kanuni zake haziruhusu utafiti mpya. Kila dai sharti liegemee chapisho lililotangulia. Neno la mzee wa Hadado haliingii mpaka kwanza lipitie kwa msomi na jarida lake, ambalo aghalabu ni la Kiingereza. Kanuni hiyo ni ya busara kwa kamusi elezo, ila inatuacha palepale.

Njia ya tatu ipo. Mwaka 2014 lilianzishwa jarida la tiba linaloendeshwa kwa mfumo wa wiki, ambalo leo huitwa WikiJournal of Medicine. Baadaye yakafuata ya sayansi na ya fani za utu. Mwandishi halipi, msomaji halipi. Makala hupitiwa na wataalamu, na maoni yao huwekwa hadharani ili kila mtu aone nini kilipingwa. Yanayofaa huhamishiwa Wikipedia. Haraka ya wiki imefungwa breki ya uhakiki. Kasoro ni kwamba majarida hayo nayo yanaandikwa kwa Kiingereza.

Idara zetu za Kiswahili ndizo zinazopaswa kuuiga mfumo huu. Haidhuru istilahi zitagongana mwanzoni, huyu aandike tarakilishi na yule kompyuta. Katika wiki mjadala huo huhifadhiwa, na ukurasa wa historia huonyesha kila badiliko na aliyelifanya. Ni jarida gani la karatasi limewahi kutufungulia jikoni lake hivyo?

Kikwazo halisi ni vyeo. Mhadhiri hupandishwa kwa makala zilizohakikiwa. Makala iliyohakikiwa hadharani katika wiki ya Kiswahili ikipuuzwa na kamati kwa sababu ya jina ‘wiki’ tu, hakuna atakayeiandika. Kamati zipime uhakiki wenyewe, zisipime jina.

Mvua kubwa itanyesha tena Wajir, na mbu watarudi. Mwanafunzi wangu aliyeuliza wiki ipi ana simu mfukoni. Siku hiyo akitafuta dalili za ‘sandik’, ningependa azikute kwa lugha anayoisoma, na jina la waliozijua kwanza likiwa juu ya ukurasa.