Mariama Bâ na Swali la Asili ya Tabaka

Ndugu, katika madarasa ya siasa huzuka mara kwa mara hoja kwamba riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyotoka Dakar mwaka 1979 na ambayo kwa Kiswahili inaitwa Barua Ndefu Kama Hii, ni kilio cha mabibi wakubwa wanaogombea waume. Hoja hiyo imesimama juu ya nasaba ya mwandishi. Alikuwa binti wa waziri, akaolewa na mbunge. Basi, wanauliza wenye hoja, atajua nini juu ya wavujajasho? Hoja hii tunaipinga, lakini hatutaipinga kwa kuificha nasaba yenyewe.

Mariama Bâ alizaliwa Dakar mwaka 1929. Baba yake alikuwa mtumishi katika serikali ya kikoloni, na Wafaransa walipoyapa makoloni yao madaraka kidogo ya ndani kwa sheria ya 1956, akawa mmoja wa mawaziri wa kwanza wa Senegal, akashika Afya. Mama alifariki mapema, mtoto akalelewa na babu na bibi wa upande wa mama, watu wa dini na mila. Wazee hao hawakuona haja ya msichana kuendelea na masomo baada ya shule ya msingi. Baba ndiye aliyeshikilia asome. Mwaka 1943 alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu cha wasichana cha Rufisque, akawashinda wote katika Afrika Magharibi ya Kifaransa. Alihitimu 1947, akafundisha miaka 12, kisha kwa sababu ya afya akahamia ukaguzi wa elimu. Yeye na mumewe, mwanasiasa Obèye Diop, walipata watoto 9, halafu wakaachana.

Chuo cha Rufisque, kilichofunguliwa mwaka 1938, hakikuanzishwa kwa ajili ya ukombozi wa mwanamke. Wakoloni walitaka walimu wa kike, na walitaka pia wake wa kulingana na makarani, walimu na waganga waliofunzwa chuo cha William Ponty. Yaani walikuwa wakitengeneza tabaka la kati, mume na mke wake. Mariama Bâ ni zao la kiwanda hicho. Na kwa kuwa alikuwa ndani, aliona namna tabaka hilo lilivyooza lilipokabidhiwa dola.

Mtazame Modou Fall. Alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Akapewa cheo cha mshauri wizarani, na minong'ono ikasema bei ya cheo ilikuwa kuwatuliza wafanyakazi. Ndiye huyohuyo anayemwoa Binetou, rafiki wa binti yake, anamwachisha shule na kumwahidi faranga 50,000 kila mwezi. Waliowasaliti wafanyakazi na aliyemsaliti mke wa miaka 30 ni mtu mmoja, kwa tamaa moja. Ni wanadharia wachache walioieleza habari ya ubwanyenye uchwara wa Afrika kwa ufupi namna hii. Ukabaila nao haukusahauliwa: Aïssatou anateswa na mama mkwe mwenye damu ya kifalme ya Sine kwa kosa la kuwa binti wa mfua dhahabu.

Upungufu upo, na unatokana na asili ileile. Mama yake Binetou, mwanamke maskini anayemtoa mwanawe ili aonje maisha, anachorwa kwa kejeli. Watumishi wa nyumbani wanapita tu, hawana historia. Hapo jicho la binti wa waziri linaonekana, na kada anayeifundisha riwaya hii bila kuligusa jambo hilo anawapunja wanafunzi wake.

Lakini wako wanaozidisha, wanaoisoma riwaya kama wasifu. Ramatoulaye ana watoto 12 na hakuvunja ndoa. Mwandishi alikuwa na 9, na aliivunja. Njia aliyoipita mwenyewe alimpa Aïssatou, anayeondoka na kujitegemea kwa kazi. Kwa hiyo aliyagawa maisha yake kwa wanawake wawili ili wabishane, na hiyo ni kazi ya fikra, si umbea wa nyumbani.

Riwaya ilipata Tuzo ya Noma ya kwanza mwaka 1980. Mwaka uliofuata Mariama Bâ alifariki kwa saratani, kabla riwaya yake ya pili haijatoka.

Wanaodai kwamba aliandika juu ya waume tu wairudie sehemu ya Daouda Dieng, mbunge na daktari anayekuja kumposa mjane. Ramatoulaye anamhoji kwanza habari za Bunge: wanawake wanne kati ya wabunge mia. Baadaye anakataa posa, kwa sababu Dieng ana mke tayari. Farmata jirani, aliyedhani barua aliyopewa kupeleka ni ya kukubali, alirudi na hasira kubwa.