Mfugaji wa Burat na 'Homa ya Bonde la Ufa'

Kipeperushi kuhusu ugonjwa huu humpotosha msomaji kuanzia kwenye jina. Burat ni wadi ya Kaunti ya Isiolo, eneo lililokuwa katika Mkoa wa Mashariki. Ukimwambia mfugaji wa huko ajihadhari na 'Homa ya Bonde la Ufa', ana haki ya kudhani hizo ni habari za watu wa Nakuru. Kihistoria jina hilo lina sababu: ugonjwa ulitambuliwa mwaka wa 1931 katika kondoo wa shamba moja karibu na Naivasha. Lakini mkurupuko wa 2006-2007, uliowaua zaidi ya watu 150 nchini, uliwakumba sana wafugaji wa kaskazini mashariki, na mapema 2021 Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoripoti wagonjwa.

Kisha kuna hilo neno 'homa'. Kwa Wakenya wengi homa ni mafua tu, kitu cha kutibiwa kwa chai ya tangawizi. Wafugaji wa Kisomali huuita ugonjwa huu sandik, yaani damu puani. Neno moja, na dalili imo ndani yake! Maabara na ibaki na jina lake rasmi. Kipeperushi kina kazi nyingine.

Hebu tutunge sentensi kwa mtindo uliozoeleka: 'Uzuiaji wa maambukizi unahitaji kuepuka mgusano na majimaji ya mnyama aliyeathirika.' Sarufi haina kasoro. Ila katika mazungumzo ya kila siku, 'aliyeathirika' ni mtu mwenye virusi vya Ukimwi; mbuzi kaingiaje hapo? Nayo majimaji ni yapi: damu, maziwa, mkojo? Mfugaji anaijua hali yenyewe kuliko mwandishi: mvua kubwa imenyesha, mbu wamejaa, mbuzi na kondoo wanatupa mimba kwa wingi. Basi aambiwe: 'Mbuzi akitupa mimba, usimshike kwa mikono mitupu. Usimchinje. Mwite daktari wa mifugo.'

'Usinywe maziwa ambayo hayajachemshwa' nayo ina vikanushi viwili, na msomaji lazima apige hesabu kwanza. 'Chemsha maziwa, ndipo unywe' haina hata kimoja. Na maziwa yaliyogandishwa kibuyuni je? Kibuyu kimefukizwa moshi, na mwenyewe huenda akaona moshi umetosha. Kipeperushi kikilinyamazia hilo, kimenyamazia chakula cha nyumba nyingi.

Picha pia zina sarufi yake. Alama ya X juu ya mchoro ni katazo kwa aliyezoea kusahihishiwa daftari. Kwa ambaye hakukanyaga darasani, ni mistari miwili tu iliyopita juu ya mbuzi.

Wapo watakaosema redio inatosha. Burat wanaishi Waturkana, Waborana, Wasamburu, Wasomali na Wameru, na kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Ni kweli, lakini redio ikishasema imesema. Karatasi hubaki nyumbani, na anayeisoma huenda akawa mtoto wa shule anayemsomea nyanya yake. Mtoto akikwama kwenye 'mgusano', nyanya naye kakwama.

Kabla ya kuchapisha, wapelekewe nyanya kama huyo na mjukuu wake. Wasiulizwe kama wameelewa, maana adabu itawafanya wajibu ndiyo. Waulizwe watafanya nini kesho asubuhi wakimkuta mbuzi ametupa mimba zizini.