Pwagu na Pwaguzi: Utapeli wa Sikioni

Nilizaliwa nimechelewa. Pwagu nilimsikia kwanza kinywani mwa mjomba wangu, hapa Ilongero, tukipura alizeti. Mjomba ana sauti mbili: moja ya Rajabu Hatia, ndiye Pwagu, nyingine ya Ali Keto, ndiye Pwaguzi. Hayo majina yao ya nyumbani nimeyajua juzi juzi tu. Mjomba mwenyewe, aliyewasikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam miaka nenda rudi, hakuyajua. Kwake walikuwa Pwagu na Pwaguzi, basi. Ndiyo sifa ya msanii wa redio, na ndiyo hasara yake: mhusika anammeza mwenye sauti.

Shuleni Ngoswe ya Edwin Semzaba tuliichambua mpaka kurasa zikachanika, na ni haki yake. Mchezo wa redio hakuna aliyeutaja, wakati kijijini waliosikia redio ni wengi kuliko walioshika kitabu cha tamthiliya. Wahakiki wetu, mnasikia?

Hebu tuutazame huu. Jina limetoka kwenye methali: kila pwagu hupata pwaguzi, yaani mwizi hukutana na mwizi aliyemzidi. Kwa hiyo msikilizaji anajua mwisho kabla mchezo haujaanza. Mjanja atapatikana tu! Siri hakuna. Kilichobaki ni njia ya kufika huko, na njia yenyewe ni maneno matupu. Marehemu King Majuto kwenye video alikuwa na macho na mwendo wake; ukimwona tu umeshacheka. Tapeli wa redio hana hata shati. Lazima akuibie sikioni.

Tena akuibie kwa Kiswahili. Mjomba alikua na Kinyaturu, redio moja ikisikilizwa na nyumba kadhaa. Maneno ya mjini aliyaokota humo, mengine akaenda kuyatumia mnadani siyo mahali pake, akachekwa yeye badala ya Pwagu.

Na anavyoigiza! Akifika zamu ya Pwaguzi hunyamaza kwanza. Anapepeta alizeti kidogo. Hapo ndipo watu huanza kucheka, neno lenyewe halijatoka. Mengine najua kaongeza mwenyewe, hata hanifichi.

Sasa mimi nina mswada wa riwaya, madaftari manne, na ndani yake yumo tapeli. Nilidhani ni mkali. Kila akifungua mdomo naandika: "alisema kwa hila", "alitabasamu kinafiki". Jioni moja nikamsomea mjomba sura ya kwanza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, hakucheka hata mara moja, kisha akaniuliza: "Mpwa wangu, mbona unanitonya? Niachie nimkamate mwenyewe."

Niliudhika, nikalala bila kula. Asubuhi nikaanza kufuta. Sura ile ilikuwa na kurasa kumi na tisa, zimebaki sita.